Uzi: Ndege wahamaji Central Park majira ya machipuko. Acha kalenda, uliza upepo wa jana usiku

Mpita_Ramble

Wakuu, salaam. Kila ikifika Aprili sanduku langu la ujumbe linajaa swali lilelile: "Nakuja New York mwezi wa tano, wale ndege wa Central Park nitawaonea wapi?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha. Nashusha uzi tumalizane.

Jambo la kwanza. Watu wanapoisifia Central Park kwa ndege wahamaji, usifikiri ndege wameipenda. Ndege aliyeruka usiku kucha akipanda kaskazini kwa njia ya pwani ya Atlantiki anapambazukiwa juu ya jiji. Chini yake kuna lami, mapaa, bahari, lami tena, na katikati ya vyote mstatili mmoja wa kijani wa hekta 341. Anashuka pale kwa kukosa pengine. Ndege ambao huko mashambani wangetawanyika msitu mzima, hapa wanabanana kwenye miti ya kuhesabika, na mwenye darubini anavuna asipopanda.

La pili ndilo linalowapoteza wageni. Ni kweli kilele ni Mei, hasa wiki tatu za mwanzo. Lakini unaweza kufika tarehe 10 Mei ukakuta njiwa na shomoro peke yao, na kesho yake ukakosa pa kuanzia. Kinachoamua ni upepo wa usiku uliopita. Ukivuma kutoka kusini au kusini-magharibi, anga linajaa. Ukivuma kutoka kaskazini siku mfululizo, ndege wanabaki huko Virginia na New Jersey wakila na kusubiri, na siku ukigeuka wanakuja kwa mpigo. Bora kuliko zote (kwako wewe, si kwa ndege) ni upepo wa kusini usiku kucha halafu mvua kabla ya mapambazuko. Mvua inawashusha hapohapo walipofika. Asubuhi ya namna hiyo utawakuta wakidonoa kwenye majani ya chini na hata kwenye nyasi karibu na viatu vyako, kwa sababu baridi imewashusha wadudu na njaa haichagui.

Habari hizi zinapatikana bure. Rada za hali ya hewa za Marekani zinanasa ndege walioko angani, si mvua tu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell wana ukurasa wa BirdCast unaoonyesha usiku huuhuu ni wangapi wanapita na wanaelekea wapi. Mimi huutazama kabla ya kulala. Rangi ikiwaka juu ya New Jersey, naweka kengele. Ikiwa giza, nalala hadi jua linichome.

Ratiba kwa ufupi: mwisho wa Machi na Aprili wanapita wachache, wale wasioogopa baridi. Mwisho wa Aprili wanaanza kuongezeka. Kisha Mei yenyewe, wanapofika wabla wa kila rangi. Wabla ni ndege wadogo wala wadudu, wengi wana gramu 8 hadi 12, na asilimia kubwa ya watu mnaowaona na darubini wanawatafuta hao. Madume hutangulia na wanaimba njiani, majike hufuata. Mwanzoni mwa Juni mchezo umekwisha.

Bustani inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshafika. Anzia Strawberry Fields upande wa magharibi, barabara ya 72, maana pale jua hupiga vilele vya miti mapema, wadudu wanachangamka na ndege wanawafuata. Kisha ingia Ramble, ule msitu wa vijia vya kupotezana kati ya barabara ya 73 na 79. Mchana kukiwa na joto nenda Tanner's Spring, kidimbwi kidogo karibu na barabara ya 82 magharibi. Huko huhitaji kuwafukuzia, wanakuja wenyewe kunywa na kuoga. Usiyependa msongamano, panda North Woods, juu ya barabara ya 101.

Na popote ulipo, simama chini ya mwaloni. Mialoni inachanua mwanzoni mwa Mei, yale maua yananing'inia kama pindo za shali, na ndani yake kumejaa viwavi. Mti mmoja wa mwaloni uliochanua unashinda ekari nzima ya maua mazuri ya kupandwa.

Maswali karibuni.

---

Baba_Kijacho

Nimeweka mkeka hapa, simtoki mtu. Mkuu, tuambie na vifaa. Hizo darubini ziko za kila aina, mtu anunue ipi?

---

Mpita_Ramble

Baba_Kijacho, tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia ya 10 wakidhani kubwa ndiyo bora. Wabla hatulii hata sekunde tatu, na darubini inayokuza sana inakupa eneo dogo na mkono unatikisika. Utabaki unaangalia tawi alilokuwepo.

Ufundi wenyewe ni huu: ukiona kitu kimejongea, macho yasitoke pale, pandisha darubini hadi machoni bila kuinamisha kichwa. Zoezi hilo lina faida kuliko darubini ya bei mbaya. Na shingo itakuuma, hilo halina dawa. Ukiona mwamba, panda juu yake usimame usawa wa matawi. Bustani ile ina miamba mingi, haikuwekwa ya picha tu.

---

Mkosoaji_Mkuu

Samahani wakuu, naomba kueleweshwa. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, anaamka alfajiri kwenda kumtazama ndege wa gramu nane ambaye hamli wala hamfugi?

---

Bi_Ukaya

Mkosoaji_Mkuu, kuna watu wazima wenye familia wanaokesha kuangalia wanaume ishirini na wawili wakigombea mpira ambao hawatapewa. Tumewaacha.

Nirudi kwenye mada. Kaka Mpita umemsahau wabla mweusi na mweupe, na kwa anayeanza ndiye mwalimu bora, kwa sababu hapandi juu kileleni kukuvunja shingo. Anatambaa kwenye shina. Mwezi Mei uliopita nilimtazama mmoja kwenye mwaloni pale Azalea Pond, kidimbwi cha ndani ya Ramble, umbali wa hatua nne. Anashuka kichwa chini, kucha zimeshika gome, mdomo mwembamba uliopinda kidogo anauchomeka kwenye kila ufa. Akatoa kiwavi cha kijani. Akakipiga kwenye tawi upande huu, akakipiga upande ule, akakimeza, halafu akafuta mdomo kwenye gome mara mbili, kushoto, kulia, akaendelea na kazi. Wapita njia walikuwa wanapita nyuma yangu na mikahawa yao, hakuna aliyegeuka.

---

Mkosoaji_Mkuu

Bi_Ukaya dada yangu, hapo kwenye mpira umenipiga za uso. Haya, endeleeni, nasoma.

---

Daktari_wa_Nyota

Mpita_Ramble alisema:
> Ndege aliyeruka usiku kucha

Hapa mimi sielewi. Kwa nini usiku? Na gizani anajuaje njia?

---

Mpita_Ramble

Swali zuri, mkuu. Usiku hewa ni ya baridi na imetulia, kwa hiyo misuli inayofanya kazi ngumu haichemki na maji hayapotei ovyo mwilini. Kozi na mwewe wengi wamelala. Na mchana unabaki kuwa muda wa kula, maana bila kula hakuna safari ya kesho.

Kuhusu njia, miaka ya 1960 mtafiti mmoja aitwaye Stephen Emlen aliwaweka ndege wadogo wa buluu kwenye vizimba vyenye umbo la faneli ndani ya ukumbi wa nyota za bandia. Chini aliweka wino, pembeni karatasi. Ndege akitaka kuondoka anarukia upande anaoutaka, miguu inaacha alama. Majira ya machipuko alama zilielekea kaskazini. Emlen alipoligeuza lile anga la bandia, ndege nao wakageuka. Kumbe wanatazama eneo la anga lisilozunguka, linapokaa nyota ya kaskazini. Na mawingu yakitanda bado wana sumaku ya dunia, wanaihisi.

Ukitaka kuwashuhudia, kaa nje usiku wa upepo wa kusini mahali pasipo kelele. Utasikia sauti fupi, "tsip", kutoka juu gizani. Ndio hao wanapita.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Wakuu, niseme upande wa pili wa hii habari, maana nyie mnawaona wakiwa hai.

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la vioo hapa Manhattan, silitaji. Mwezi wa tano na ule wa tisa, zamu ikiisha, kabla wafanyakazi hawajaingia, tunapita na ufagio na mfuko. Tunaokota. Kuna asubuhi mfuko unarudi mtupu, kuna asubuhi unarudi na uzito. Wa mwisho niliyemshika alikuwa wa njano kifuani, ana mkufu wa michirizi myeusi shingoni, bado ana joto. Mkononi huhisi kitu, ni manyoya tu. Tumemwambia msimamizi zaidi ya mara moja azime taa za ukumbi wa chini, anasema taa ni sura ya jengo.

Sasa mkisema bustani ni kimbilio, mimi nauliza: nani aliwaita huku?

---

Bi_Ukaya

Pole kaka. Huyo wa mkufu ni wabla wa Kanada, namjua kwa maelezo yako.

---

Mpita_Ramble

Mlinzi_wa_Zamu, hapo umegusa penyewe na sina la kukupinga. Taa ndizo zinazowaita. Ndege wa usiku wanavutwa na mwanga wa jiji, wanashuka karibu nao, na asubuhi wakitoka mtini kutafuta chakula wanakutana na kioo kinachoonyesha mti mwingine. Kwake ule ni mti. Shirika la NYC Bird Alliance linakadiria ndege 90,000 hadi 230,000 hufa kwa kugonga majengo ya jiji hili kila mwaka. Na hao wanakufa katika bara ambalo tayari limepungukiwa: utafiti uliotoka 2019 ulionyesha Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu 1970.

Sheria ipo. Ni ile namba 15 ya mwaka 2020, inayotaka majengo mapya na yanayokarabatiwa kwa kiasi kikubwa yatumie kioo ambacho ndege anakiona, kuanzia chini hadi futi 75, kama mita 23. Sehemu hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu ndiyo inayoakisi miti. Shida ni kwamba jengo lako huenda lilijengwa zamani, na la zamani halibanwi.

Lakini kusema bustani ni mtego tu nako hapana. Kuna ndege walionaswa kwa nyavu kwenye bustani moja ya Bronx wakapimwa, wakaachiwa, wakanaswa tena na kupimwa tena. Walikuwa wanaongeza uzito. Maana yake chakula kipo na wanaondoka wakiwa na akiba. Ubaya uko kwenye zile barabara zinazoizunguka.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Nimekuelewa. Na wale tunaowakuta wamezubaa lakini hawajafa? Mwenzangu alimpeleka mmoja nyumbani akampa maji kwa kijiko, akafa.

---

Bi_Ukaya

Kaka, maji hapana, chakula hapana. Mchukue taratibu, mtie kwenye mfuko wa karatasi wenye kitambaa chini, funga mdomo wa mfuko, uweke mahali pa giza na utulivu. Kisha mpeleke Wild Bird Fund, wako Columbus Avenue, magharibi mwa Central Park, kazi yao ni hiyo. Usimwachie mwenyewe hata ukiona kachangamka, huenda ameumia ndani ya kichwa. Na kumfuga ndege mhamaji bila kibali ni kosa tangu sheria ya 1918.

---

Kijana_wa_Picha

Wakuu mimi nimeanza wiki hii, nimepakua Merlin kwenye simu, inasikiliza na kuniambia ndege gani anaimba. Raha tupu. Ila jana imeniandikia ndege kumi na moja kwenye mti mmoja na mimi nikimuona mmoja tu, wa kijivu, ana mkia mrefu.

---

Mpita_Ramble

Huyo mmoja ndiye kumi na mmoja wote, mdogo wangu. Ni ndege mwigaji, anaiga sauti za wenzake anazipanga moja baada ya nyingine, na simu inaandika kila moja. Programu ni nzuri ikikuambia "tazama huku". Ukisikia imetaja jina, tafuta mwili. Usipouona mwili, usiandike.

---

Kijana_wa_Picha

Hahaha, amenimaliza. Na huyu kwenye picha je? Mweusi, ana madoa meupe na mng'ao wa kijani, yuko kila mahali.

---

Mpita_Ramble

Kwenzi wa Ulaya, wala si katika wahamaji tunaowatafuta. Mwaka 1890 tajiri mmoja, Eugene Schieffelin, aliwaachia 60 humohumo Central Park. Wamejaza bara zima. Muache, tafuta mwingine.

---

Mzee_wa_Kijia

Salaam vijana. Mimi si mwandishi, nitasema machache kuhusu adabu, maana naona wageni wanaongezeka.

Usipige sauti ya ndege kwenye simu ili dume atoke. Yeye anadhani ni mpinzani, anaacha kula na kuja kupigana na kitu kisichokuwepo, na yuko safarini, ana masaa machache ya kujaza tumbo. Mtu mmoja akipiga mara moja si neno kubwa, lakini Ramble kila siku ya Mei ina watu wangapi? Mbwa afungwe kamba, Ramble ni lazima muda wote. Usitoke kwenye kijia. Ukiona kundi limesimama kimya linatazama juu, usiulize kwa sauti "kuna nini?". Sogea, tazama wanakotazama. Mtu atakunong'oneza.

Mei 2018 alionekana wabla wa Kirtland. Huyu huzaliana hasa kwenye misonobari michanga ya Michigan, na mwaka 1987 madume waliohesabiwa wakiimba walikuwa 167 tu, kisha wakaongezeka kwa kutunzwa hadi 2019 wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Habari ilivyosambaa, watu waliacha kazi, wakaja na suti. Umati ule ulimtazama kwa utulivu, na ndege akaendelea kula. Inawezekana.

---

Kijana_wa_Picha

Shikamoo mzee. Nimeelewa, hasa hilo la simu.

---

Mzee_wa_Kijia

Marahaba mwanangu.

---

Sauti_ya_Pwani

Uzi umetema madini. Swali langu: hao wa Central Park kuna hata mmoja anayefika Afrika Mashariki? Au sisi tunapata wa Ulaya tu?

---

Mpita_Ramble

Wa Central Park hapana, dada. Wengi wao wametoka Karibi, Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini.

Ila Marekani yupo mnayemgawana. Kuna ndege wa gramu kama 25, mgongo wa kijivu, kiuno cheupe, anazaliana kwenye nyanda za Alaska. Waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia, matokeo yakatoka 2012, walionekana wanavuka Asia yote na kwenda kukaa majira ya baridi Afrika Mashariki, kaskazini mwa Kenya na Uganda na jirani zake. Kilomita kama 14,500 kwenda, na kurudi vilevile. Kwa hiyo anayekuja kwenu anageuza mgongo New York na kuzunguka upande wa pili wa dunia.

---

Sauti_ya_Pwani

Gramu 25! Mimi na kilo zangu nikipanda ghorofa ya tatu nahema.

---

Baba_Kijacho

Mkuu, tiketi yangu ni wiki ya mwisho ya Mei. Nimechelewa?

---

Mpita_Ramble

Umechelewa rangi, hujachelewa ndege. Madume ya kuvutia wengi watakuwa wameshapita, lakini majike wanaendelea, pamoja na wale wakamata nzi wa kijani wanaofanana wote na kuwagombanisha wataalamu. Na utamkuta wabla kofia-nyeusi, ambaye ndiye anayefunga msimu. Mheshimu huyo. Ana gramu 12 tu, na majira ya kupukutika majani anaruka juu ya Atlantiki hadi siku tatu bila kutua, kilomita 2,300 na zaidi, kutoka kaskazini-mashariki mwa Marekani na Kanada hadi Karibi. Kabla ya kuondoka anakula hadi karibu uzito wake unakuwa maradufu.

Kumpata ni kwa sikio: mlio mwembamba sana, wa juu sana, tsi-tsi-tsi-tsi unaopanda katikati na kushuka. Uko juu kiasi kwamba watu wakizeeka ndiyo kati ya milio ya kwanza kuacha kuisikia.

---

Mzee_wa_Kijia

Nathibitisha. Mimi sasa namtambua kwa kuangalia vijana wanageuza shingo upande gani.